Nusu Kidonge

Kilo moja ya pafu, Kiboriloni, kwa Aminieli muuza nyama.
Amelifunga kwenye gazeti; damu imeshasoma habari zote.
"Mbwa ni mbwa," ananiambia, anafuta kisu kwenye aproni,
"umeona wapi fisi amewasha jiko?"
Nikacheka. Nikalipa.
Kwenye kona ya mashine ya kusaga kicheko kikanikauka:
pafu lina lengelenge, dogo, jeupe,
kama jicho la samaki wa kukaanga,
linanichungulia katikati ya matangazo ya vifo.

Bibi yake Ndeshi haoni neno.
"Sisi tumekua na kisusio, Krismasi hadi Krismasi,
damu ya mbuzi mdomoni, mbona tuko hai?"
Simjibu.
Kaka yake alikufa na tumbo kama la mjamzito.
Tulisema karogwa.

Dokta Naetwe hagombi, anauliza tu:
Ana kilo ngapi? Analala wapi? Nani anamkumbatia?
Kilo sijui.
Nikambeba Doria hadi mashineni,
tukapanda mzani pamoja, wenye mahindi yao wakisubiri:
tisini na moja. Nikamshusha, nikapanda peke yangu.
Tukatoa. Kumi na tisa, na vumbi la unga.
"Vidonge viwili," akasema dokta. "Pafu lichemke hadi ndani.
Hilo lenye lengelenge lichome, usilitupe jalalani.
Na wewe, ulimeza lini?"
Nikajifanya natafuta chenji.

Sasa sufuria la Doria linatokota uani kila Jumamosi.
Majirani wanadhani nina wageni.
Yeye anameza kila kitu, kidonge, ini, karibu na kidole changu,
hana swali.

Shemeji ni kesi nyingine.
Paka huyu namfichia nusu yake ndani ya dagaa;
dagaa anakwenda, sahani inang'aa,
naandika kwenye kalenda ya kanisa: *Paka, tayari.*
Usiku Ndeshi analala naye pua kwa pua.

Jana shilingi mia mbili ilibingiria chini ya friji.
Nikalisogeza.
Nusu tatu, vumbini, zimepangana,
safi kama meno ya mtoto.
Miezi tisa ya *tayari*.

Nimekaa sakafuni, nusu ya nne kiganjani.
Yeye yuko juu ya kabati, mkia unaning'inia,
ananingoja nimwamini tena.