Tia Maji

Kwa miaka sita programu yetu ilijua swali moja:
je, limewahi kutukia hapa?
La? Basi andika moja.
Moja mara athari, hata athari iwe tano,
ni tano kati ya ishirini na tano. Kijani.
Kijani cha sukuma iliyonyeshewa alfajiri.
Mkaguzi akatia sahihi, akaomba chai.

Hivyo ndivyo tulivyolinda akiba za walimu,
ghorofa ya nne, Ngara, juu ya duka la vipuri:
kwa kujiuliza kama tumeshaibiwa.

Kanuni ile niliiandika mimi, simsingizii mtu.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne
na jedwali la rangi tatu, la kukabidhiwa Ijumaa.
Nadra. Huenda. Mara kwa mara.
Tuliyapima maneno hayo tukila chipsi,
Kerubo akisema nadra, Musyimi akisema huenda,
shauri likakatwa na mwenye sauti nene.

Kisha Machi.
Sacco ya ng'ambo ya barabara ilifungua asubuhi
ikakuta mafaili yote yametiwa kufuli lisilo lao,
na barua ya kudai pesa, yenye adabu,
yenye saa inayohesabu kurudi nyuma.
Seva yao ilikuwa pacha wa yetu:
toleo lile lile, tundu lile lile,
kiraka kile kile ambacho hakuna aliyekibandika.
Mwalimu mmoja mstaafu alikaa kwenye ngazi zao
ameshika kitabu cha akiba
kama tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

Nikapanda, nikafungua skrini yetu.
Kijani.
Haijawahi kutukia hapa. Moja.

Usiku ule stima ilipotea saa tatu.
Jenereta ya jengo ikakohoa, ikakataa, ikakubali,
nami nikafuta mistari mia na arubaini.
Sikuuliza tena limewahi.
Niliuliza: mlango huu unatazama barabara au ua?
Tundu hili lina siku ngapi tangu litangazwe?
Ufunguo wake unauzwa? Bei gani?
Wangapi wanaofanana nasi wameanguka mwaka huu?
Na jibu lisiwe namba moja iliyonyoosha shingo,
liwe sehemu ya mia, na mipaka yake:
kati ya kumi na saba na thelathini na moja,
kwa maana sijui,
na kutojua kwangu nako kunastahili safu yake.

Juu ya kanuni, mahali pa maelezo,
panaposomwa na fundi atakayerithi kiti changu tu,
sikuandika hesabu. Niliandika:
mwenzako akinyolewa, tia maji.

Asubuhi Bi. Nyaboke wa fedha alishuka mbio,
miwani juu ya kilemba.
"Kumetokea nini usiku? Skrini nzima nyekundu!"
Hakuna, nikamwambia.
Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka.
Jana tulikuwa hivi hivi.
"Basi rudisha. Bodi inakutana Alhamisi."

Rudisha.
Kitufe kipo, kazi ya sekunde nne.
Sitadanganya, kidole kilikwenda.

Nikamwonyesha mstari mmoja tu, seva ya mikopo.
Akasoma. Akashusha miwani, akasoma tena.
"Hii thelathini na moja," akauliza polepole, "ni watu?"
Ni uwezekano, nikasema.
Kisha, kwa kuwa hakuondoka:
watu ni elfu tisa na mia mbili.

Chini, mtu alikuwa akigonga rimu kwa nyundo.
Bi. Nyaboke alivuta kiti cha Musyimi,
akauliza kiraka hubandikwa vipi,
na kama kinauma.

Tulikibandika Jumatano, saa nane za usiku.
Namba ikashuka: kati ya mbili na sita.
Alipiga simu kutoka nyumbani, hakuwa amelala.
"Na kijani kinarudi lini?"

Nilikifuta, mama, nikamwambia.
Kilikuwa kinasinzia zamuni.