Hewa ya Dhambi

Bi Ndeonasia katundika kioo ubaoni,
kioo cha saluni, kina ufa pembeni,
tuzione ndimi zetu.
"Utoe," anasema. "Uume kidogo. Sasa pumua."

Lakini mimi ni wa Kibosho,
na kwetu ukimtolea mtu mzima ulimi
chakula cha usiku unakisikia harufu tu.
Nina miaka thelathini na minne
(nasema *selasini*)
na meno yangu bado yanalinda mlango.

Darasa liko nyuma ya duka la mbolea, Kiboriloni.
Siku ya soko wauza mitumba hutuchungulia dirishani:
wapagazi kumi na mmoja, magoti yamekwisha,
tunavuja upepo kama tairi za guta,
sss, sss.

Mtihani wa leseni ni Ijumaa.
Neno lenyewe dogo: nyembamba.
Kule juu hewa ni nyembamba.
Kwa Kiingereza, likipita kinywani mwangu,
linatoka dhambi.
Mara saba nimewaonya wageni wa kufikirika
kwamba kule juu hewa ni ya dhambi,
waende polepole, wanywe maji.
Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho kwa dasta.
Na hata hiyo dhambi, kwa Kiswahili,
mimi naiita *sambi*.

Jana jioni nikaitwa hotelini, karibu na stesheni,
nikague mabuti ya mgeni.
Mzee Sherbaz, wa Gilgiti, milimani Pakistani,
koti la sufu, kifungo kimoja ni pini.
Kwao wanasema Kishina.
Kiingereza alikipata kwa fimbo, alisema,
kwenye *sakuli* ya mawe.
Nikamweleza safari. Nikalifikia lile neno.
Nikajikaza. Dhambi.
Akaitikia kwa kichwa, akalirudia,
ulimi wake ukagonga nyuma ya meno:
bati.
"Hata kwetu," akasema, "hewa ni ya bati."
Akaweka kiganja kifuani, akavuta pumzi fupifupi
kama mtu apandaye ngazi na gunia.
Nami nikavuta vilevile.
Mhudumu alipoleta chai ya tangawizi
akauliza nani anaumwa.

Ijumaa ni kesho kutwa.
Mke wangu kalala. Nimesogea dirishani,
nje giza, kioo kinanirudishia uso.
Samahani, mama.
Nimeutoa ulimi, nimeuuma kidogo,
nimepumua,
na kioo kimeshika ukungu.