Bembea ya Muhu

Nikiri kwanza: kishikwambi nilikinunua mimi.
Nilikuwa narudi kutoka zamu ya usiku, hospitali ya Kuressaare,
macho yangu kama yametiwa mchanga,
na mtoto ndiyo kwanza kaamka, anataka dunia yote.
Nikampa kile kioo, nikalala.
Nilipozinduka Uku alikuwa palepale kwenye kochi,
mguu mmoja umekufa ganzi,
uji umeganda bakulini, umeota ngozi.

Ilianza hivyo. Siku moja.
Halafu miaka miwili.

Ndani ya kioo mwanangu alikuwa jabari.
Aliruka magenge, alifyeka mazimwi,
alianguka mara mia, akafufuka mara mia,
na hakuna goti lililochubuka.
Lakini mlangoni kwa jirani alijificha nyuma ya koti langu.
Dukani hakuthubutu kuomba mkate.
Alinivuta mkono: "Sema wewe, mama."
Nami nilisema. Nilimsemea kila kitu,
hata jina lake.

Mwezi wa Juni, giza halifiki kisiwani Muhu.
Jua hukaa ukingoni kama mgeni asiyejua kuaga.
Tulikwenda kwa shangazi yangu Hilje,
ambaye nyumbani kwake hakuna mtandao,
wala hakuna anayeombwa radhi kwa kukosekana kwake.
Siku ya pili kishikwambi kilizima.
Chaja ilibaki Kuressaare.
Niliisahau? Msiniulize.

Alilia. Kesho yake alinuna.
Siku iliyofuata alihesabu misumari ya sakafu ya baraza,
akanitangazia: mia mbili na kumi na nne.
Kisha, asubuhi moja, sikumwona.

Nikamkuta uwanjani, penye bembea.
Si bembea ya kiti na minyororo, hapana.
Ya huku ni jukwaa zima la mbao,
limening'inizwa kwenye magogo marefu kupita nyumba.
Hupandwa na watu wanane, wanne wakitazamana na wanne,
na hakuna wa kukusukuma:
unakunja magoti, unayanyoosha, kwa zamu, na wenzako,
la sivyo haiendi.

Alisimama mbali, mikono mfukoni.
Juu kulikuwa na watoto saba,
na msichana mwenye pengo, Leelo, akapaza sauti:
"Wewe! Upande huu ni mwepesi, tumepungukiwa mmoja!"
Hakumwita kwa huruma.
Alimwita kwa hesabu.

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka:
mwanangu ana haya, anaogopa urefu, ana...
Hilje akanikanyaga kidole kwa buti lake la mpira.
Nikayameza maneno, makavu vile vile.

Akapanda.
Mruko wa kwanza aliukumbatia mti kama chura.
Wa pili alifumba macho.
Wa tatu alichelewa kukunja magoti, bembea ikasita,
wakamcheka,
naye, hapo ndipo nilipotaka kukimbia nikamshushe,
naye akacheka.
Kisha akaupata mwendo.
Nikaona nywele zake zikienda mbele yake, zikirudi nyuma yake,
nikasikia sauti nisiyoijua, nzito kidogo, ikiamuru:
"Sasa! Kunja! Sasa!"
Nikageuka kutafuta ni mtoto wa nani.

Alishuka na kibanzi kiganjani na goti linalovuja damu.
Hakuja kwangu.
Alikwenda kumwonyesha Leelo.

Sisemi yote yamepona.
Tumerudi mjini, chaja iko pale pale ukutani.
Jana nilimpa nusu saa,
tukagombana juu ya dakika ya thelathini na moja,
akanibamizia mlango.
Lakini leo dukani, ninachokoa sarafu mkobani,
nikasikia mtu mfupi kuliko kaunta
akimwambia muuzaji, polepole, neno kwa neno:
"Mkate mweusi mmoja. Ule pale, ulioungua pembeni."

Nilikuwa nyuma yake, pochi wazi,
na kwa mara ya kwanza
sikuwa na la kusema.