Mambo Yalipotumbukia Nyongo

Januari kwetu ni kiangazi. Theluji ya Andes hubaki juu kabisa,
kama chumvi iliyosahauliwa ukingoni mwa sahani,
na huku chini, magharibi mwa Santiago,
letasi zilinenepa hadi zikatuchekesha.
Mama alizipanga mkokoteni, akazinyunyizia maji zing'ae.
Maji hayo yalitoka mferejini, nyuma ya nyumba:
yana povu, yana harufu,
mara nyingine yana kiatu cha mtoto.
"Maji yanayotembea hayashiki uchafu," alisema baba,
naye baba alikuwa mtu wa kusoma magazeti.

Nibaldo aliugua Jumanne.
Au tuseme Jumanne ndipo tulipokubali kwamba anaumwa,
maana homa ya matumbo haibishi hodi kwa kishindo.
Hupanda ngazi.
Leo kipandio kimoja, kesho kingine,
jioni juu kuliko asubuhi.
Kichwa kilimgonga. Tumbo likafunga, kisha likafunguka.
Moyo ukapiga polepole,
kana kwamba haujaambiwa nyumba inaungua.
Siku ya tisa, kifuani, madoa ya waridi, manne au matano:
ukiyabonyeza yanatoweka,
ukiinua kidole yamerudi.
Nyanya alisema ni jua. Jirani alisema ni wivu.

Nesi Ormeño hakuuliza nani anatuchukia.
Aliuliza: "Mmekula nini kibichi?"
Akachukua damu, akatoka nyuma, akasimama mferejini
muda mrefu, mkono kiunoni.
"Choo cha jiji zima kinapita hapa," alisema.
"Nanyi mnakirudisha mjini, kimefungwa majani."
Mama akatazama mkokoteni wake.
Hakuna aliyeongea.

Vidonge vilikuwa vya wiki mbili.
Siku ya sita Nibaldo alikuwa anapiga mpira,
na mama akataka kuweka vilivyobaki kabatini, vya mwingine.
Nesi akamrudisha: "Vyote ni vyake. Hadi cha mwisho.
Mdudu aliyejeruhiwa nusu hurudi amejifunza."

Basi tukachemsha maji mpaka yatokote.
Letasi tukazifukuza mezani.
Watoto wakapewa chanjo shuleni.
Kiangazi kilichofuata, binamu yetu Yasna akalala kitandani,
anapanda ngazi ileile.

Safari hii nesi alileta vikopo, kila mtu chake.
Nyanya Zunilda, mikono ina unga mpaka viwikoni, akakataa.
"Nimezaa tisa, nimezika wanne,
sijapata kutia choo changu kikoponi nikampa mgeni."
Siku ya tatu akakubali, kwa hasira.

Kilikuwa chake.
Yeye asiyewahi hata kukohoa!
Katikati ya vijiwe vya nyongo yake
mdudu alikuwa amepanga chumba, hana kelele,
tangu homa moja ya usichanani
ambayo hakuna aliyeikumbuka ila mwenyewe.
Kila siku nyanya alikata nyanya, akakata vitunguu,
akakanda, akatulisha kwa vidole vyake.

Alifungua aproni.
Akakaa. Akakunja vidole vinne,
kimoja kimoja, akavitazama.
"Na wale?" akauliza.

Nesi Ormeño hakujibu.
Alimimina maji beseni, akashika mikono ya nyanya ndani ya yake,
akaisugua kwa sabuni: viganja, migongo,
katikati ya vidole, chini ya kucha,
taratibu, kama mtu anayeosha kichanga.
"Baada ya choo," alisema. "Kabla ya chakula. Hivi."

Nyongo ilitolewa hospitalini mwezi wa Mei.
Vikopo vitatu vikaja safi, na jikoni akarudi.
Letasi alizichemsha, akatuambia tule kama ng'ombe, tukala.
Mama siku hizi anauza mapichi.

Hadi alipofariki, usiku tulimsikia beseni,
anasugua, anasuuza, anaanza upya.
Kwetu kipande cha sabuni hakikumaliza wiki.