Chai ya Mama Tima

Naitwa Mwero, ila huku Majengo jina halina kazi.
Wananiita Maji.
"We Maji! Panda!" Ni dirisha la ghorofa ya tatu,
nami naitika
kana kwamba nyanya yangu ndiye aliyelichagua.

Mitungi kumi na minane, ya manjano,
zamani ya mafuta ya kupikia,
vizibo vyake karatasi ya nailoni na uzi.
Mkokoteni ni wa Awadh:
mia mbili kila jioni, niuze nisiuze,
na pancha ni yangu.

Nilifika na viatu vya shule vya mdogo wangu
na nguvu za kuchimba mashimo ya vyoo.
Mjini nguvu ni nyingi kuliko mashimo.
Nzioka, mtu wa Kitui, ndiye aliyenifunza kusikiliza:
saa tisa usiku bomba hukohoa mara mbili
kabla ya kutoa,
na asiyesikia kikohozi cha kwanza
atapanga foleni hadi adhana.
Yeye amelisikia miaka kumi na mmoja. Amejenga kwao, mabati.
Mgongo umebaki umeinama, kama bado analima.

Maji chumvi ya kisima cha msikiti, ya kufulia, kumi.
Maji matamu ya bomba, ya chai, thelathini.
Katikati pana shilingi ishirini
na ulimi wa Mama Tima.

Mwezi wa Machi bomba halikukohoa siku nne.
Hesabu ya Awadh haijui habari za bomba.
Nikachanganya. Si sana.
Nusu kwa nusu, nikautikisa mtungi
kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake,
nikapanda ngazi hamsini na sita, nikamimina pipani.
Akalipa. Hakuonja.
Nilishuka nikipiga mluzi.

Kesho yake: "We Maji, leo pumzika kidogo."
Kigoda. Mahamri mawili kwenye sahani ya maua.
Chai ya maziwa, iliki, ndani ya kikombe cha wageni.
Nikapiga funda moja.
Yeye anachambua mchele, haninyanyulii jicho.
Nikanywa yote, hadi majani ya chini.
"Imekolea?"
"Imekolea, mama."
"Basi niletee mitungi miwili.
Ile ya juzi sijui aliileta nani."

Jumapili nilimpigia mamangu, Ndavaya,
nimuulize kama zile hela zimefika.
Zimefika. Zimefanya nini?
"Tumenunua maji, mwanangu. Lori lilipita."
Nikauliza mtungi ni ngapi. Mazoea ya kazi.
"Hamsini."
Hamsini!
Nilitaka kumwambia huyo mwenye lori ni mwizi,
namjua, nimelala chumba kimoja naye,
nimevaa viatu vyake.
Nikasema tu, "Ni matamu?"
Simu ikawa kimya, kama mtu anayeonja.
"Ni maji, Mwero," akasema. "Maji ni maji."

Na kabla sijaliitikia jina hilo,
dirisha la juu likafunguka.