Kusikia kwa Meno

Asubuhi haiwaki.
Si kwamba imekufa; inataka kubembelezwa.
Navuta choki nusu, nakanyaga mafuta mara mbili,
si tatu. Ya tatu inalewa,
na hapo tutakaa mpaka harufu ya petroli ituishe,
mimi na jirani yangu Mwanahamisi dirishani
akiniuliza, kama kila Jumapili,
chuma chakavu siku hizi kilo shilingi ngapi.

Pijo 504. Rangi ilikuwa maziwa,
sasa ni chai ya maziwa,
na chini ya milango, chai ya rangi.
Chumvi ya Tanga haina haraka.
Inakula kama mgeni mwenye adabu,
tonge dogo dogo, na haibakishi.
Sakafu nimeiziba kwa bati la debe la mafuta ya kula;
ukiinua zulia utasoma mwisho wa matumizi:
tarehe ilishapita, na bado tunatumia.

Mita ilisimama Muheza, kwenye mwinuko,
mwaka niliostaafu reli.
Tangu hapo sisi wawili
hatuongezi umri kimaandishi.

Vijana wa gereji ya Barabara ya Nane wananihurumia:
Mzee, toa injini hiyo, weka ya Toyota, upumzike.
Nikishapumzika nitafanya nini?
Jumamosi yangu ni plagi nne juu ya gazeti la juzi,
brashi ya waya, msasa, kikombe cha kahawa chenye alama ya grisi.
Pengo la pointi nalipima kwa kadi ya mchango wa harusi.
Ndoa ile ilivunjika kabla ya mfungo.
Kadi haijakosea hata siku moja.

Mei, mvua zilipopungua, ikaanza mlio:
ka, ka, ka, chini ya kifuniko cha vali,
kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa.
Nikaipeleka Majani Mapana kwa fundi Semkiwa.

Semkiwa hasikii.
Miaka ishirini ya mashine ya kusindika mkonge
ilimla masikio yote mawili.
Lakini huchukua bisbisi ndefu,
ncha akaiweka juu ya injini inayonguruma,
mpini akauuma,
akafumba macho.
Mpita njia angedhani ni dua.
Mlio unapanda chuma, unaingia taya,
unamkuta ndani ya fuvu,
chumba ambacho mkonge haukukifikia.

Siku hiyo alikuwapo mjukuu wake, Nasra,
katoka VETA na kifaa cha kusomea magari,
kama simu yenye mkia.
Alipapasa chini ya usukani, nyuma ya dashibodi,
akitafuta pa kuchomeka.
"Babu, hii haina mdomo."
Babu hakusikia, ila aliona.
Akaifuta bisbisi kwa pindo la shati, akampa.

Nasra akanitazama, labda nimwokoe.
Akauma.
Kwanza alicheka, meno yakimtetemeka;
kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu,
kama mtu aliyeitwa kwa jina
katika nyumba asiyoijua.
Akasogeza ncha. Akasogeza tena.
Akainua vidole viwili.

Mzee akachukua bisbisi, akauma mwenyewe,
akamwonyesha vitatu.
Halafu akasita.
Akauma mara ya pili, muda mrefu,
mpaka udenda ukashuka kwenye mpini,
na polepole, bila kumtazama mtu,
akakunja kidole kimoja.

Tulirudi nikiwa nimeshusha kioo,
kile kinachoshuka.
Nilipita njia ya Pongwe bila shida yoyote ya Pongwe,
gia ya tatu, gia ya nne,
mkono ukining'inia nje kama wa kijana mwenye mshahara,
na injini ikisema neno moja lililonyooka.

Leo imewaka kwa mkanyago wa pili.
Nimefungua boneti, nimechukua bisbisi ya jikoni,
nimeinama.
"Haya!" Mwanahamisi kaita dirishani,
"chumvi imeila, sasa na wewe?"
Sikumjibu.
Mdomo ulikuwa umejaa, na nilikuwa nasikia.