Usitabasamu

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na mkaanga mihogo,
nina kiti kimoja, pazia la buluu
na taa mbili; moja huwaka ikizabwa kofi.
Safari nyingi za Tanga huanzia hapa.
Kidevu juu kidogo. Vua hereni.
Usitabasamu, serikali haitaki meno.

Wiki hii nimepiga kumi na mmoja:
wanane wa Maskati, wawili wa Doha,
na kijana wa Pongwe asiyejua aendako,
ila anajua vizuri anachokikimbia:
shahada ya kilimo na jembe la kuazima.

Shemeji yangu Semkiwa ana muhuri Horohoro.
Jumapili huja na kashata na ubishi.
"Nyumba isiyo na mlango ni uwanja," husema.
Nami: "Mlango si wa kufungwa tu, shemeji."
"Wewe hujaona. Lori la vitunguu,
chini ya magunia vijana wa Kihabeshi kumi na tisa,
mmoja alishapoa. Nisingefungua lile turubai
wangefika Segera wote wamelala naye.
Hiyo huruma yako ingefungua nini?"

Kashata ikanigomea mdomoni.

Baadaye nikamkumbusha Bi Mwanakombo.
Minazi yake iko Jasini,
kaburi la mumewe liko Vanga.
Kila Ijumaa huvuka kwa njia ya panya,
kanga kichwani, kwenda kumsomea Yasini.
"Huyo naye mhamiaji haramu?"
Semkiwa akakoroga chai isiyo na sukari.
"Huyo simwoni. Akipita huwa natazama simu."

Na babu yangu je?
Aliletwa na mkataba kutoka Urundi
kukata mkonge Amboni. Jina, Ntirampeba.
Karani wa kwanza akasikia Tirampeba,
wa pili akachoka, akaandika Tiramu,
wa tatu akaona jina la nini, akampa namba.
Manamba, wakaitwa, na waliowaita hivyo
nao walikuwa wenyeji wa juzi.
Alikuja kwa miaka miwili na ng'ombe mmoja.
Ng'ombe hakununuliwa. Miaka nayo
iko kando ya reli, chini ya katani iliyoota yenyewe.
Ndiyo maana kibao changu kinasomeka
TIRAMU STUDIO, PICHA KWA DAKIKA TANO.

"Babu yako alikuwa na kipande," akasema Semkiwa.
"Kipande ni karatasi."
Hapo alinipata, sikatai.

Jumanne alikuja bila kashata,
na sare ya kazi, kola imelowa jasho,
na Mwantumu, binti yake, mpwa wangu,
mwalimu wa hesabu aliyengoja kituo cha kazi
mpaka vyeti vikaingia mchwa.
Wakala kamwambia nyumba ya watu sita, watoto wanne,
simu ataikabidhi mlangoni.
"Miaka miwili tu, mjomba," akaniambia.
Nikageuka kuzaba taa, ingawa ilikuwa inawaka.

Semkiwa alisimama nyuma yangu, kofia mkononi,
kama watu wanavyosimama dirishani kwake.
"Mpige vizuri," akasema.
"Huko nako kuna watu kama mimi."

Nikasema yale ninayowaambia wote,
kidevu juu kidogo, vua hereni,
lakini neno la mwisho likanikwama.
Mwantumu akatabasamu, meno yote,
lile pengo alilolipata utotoni kwa baiskeli yangu.
Nikapiga.
Kisha nikapiga nyingine, ya serikali.

Walilipa nakala nne. Chenji hawakuingoja.
Ile ya kwanza nimeichomeka nyuma ya kioo,
haifai kuvukia popote.

Jumapili kashata zikaja, na chai ikamiminwa.
Hakuna aliyeanza.